Susu ya Mama Mkwe

Gari la Mwinjuma lilikuwa na kila kitu isipokuwa adabu. Injini aliitoa kwenye jipu bovu la jeshi lililoachwa baada ya vita, magurudumu ya mbele yalitoka kwenye gari moja na ya nyuma kwenye jingine, na bodi aliigonga mwenyewe kwa mabati na mbao, uani kwake Temeke, palepale alipokuwa akitengenezea mikokoteni tangu ujana wake. Liliwaka na likaenda, na hilo peke yake liliwanyamazisha waliokuwa wakimcheka. Lakini likiwaka, kuku walipanda juu ya paa, na mwalimu wa chuo cha mtaa wa pili aliwaruhusu watoto warudi makwao, maana hata yeye mwenyewe alikuwa hasikii anachosoma.

Hakulitengeneza kwa kujionyesha, ingawa kujionyesha nako kulikuwamo, tusidanganyane. Alilitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, aliyekuja kukaa kwao tangu alipofiwa na mumewe. Bi Mwanakombo alikuwa na nyonga mbovu. Lori la samaki, ambalo ndilo lilikuwa usafiri wa watu wa Kunduchi, hakuweza kulipanda hata akisukumwa na watu wazima wawili. Na Kunduchi ndiko alikokuwa dada yake, Bi Somoe, wa tumbo moja, mgonjwa wa kitandani. Kondo, mtoto wa Bi Somoe, alikuwa akileta samaki mjini kwa baiskeli, na kila akipita Temeke alileta salamu zilezile kwamba mama anamuulizia mdogo wake. Safari ya mwisho hakukaa hata kunywa maji. Alisema tu, "Mama mdogo aje. Asikawie."

Sasa, mkwe ni mkwe. Mwinjuma na Bi Mwanakombo waliishi nyumba moja, lakini tangu amwoe Zuena hajapata kumtazama mama yake usoni. Akiingia kwa mlango wa mbele, mama anatokea uani. Akiwa na neno, anamwambia Zuena, na Zuena anamwambia mama yake, hata kama wote watatu wako palepale na mama amekwisha kusikia. Ndiyo heshima, na Mwinjuma alikuwa mtu wa heshima sana, kiasi kwamba siku aliyokuwa akipanga viti vya gari alisimama na nyundo mkononi, akapigwa na butwaa. Huyu mama atakaa wapi? Kando yake, haiwezekani. Nyuma yake, akimtazama kisogo njia nzima, nayo haifai. Mwisho akajenga kiti cha nyuma kikaelekea nyuma, ili mama mkwe aende Kunduchi huku akiitazama Temeke inavyobaki. Watu walikicheka kiti kile mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Siku ya safari ilikuwa Jumapili. Sailensa, yaani lile kopo refu la chuma linalokaa chini ya gari na kumeza kelele za moshi, alikuwa ameinunua kwa muuza vyuma chakavu, akaibana kwenye chesisi, ule mhimili wa chini wa gari, kwa vyuma na bolti mpaka ikawa kitu kimoja na gari. Aliishika kwa mikono miwili akaitikisa. Lilitikisika gari, yenyewe haikutikisika. Akaridhika. Mwinjuma katika kazi yake ya mikokoteni alikuwa na imani moja tu, kwamba chombo kikicheza basi fundi wake ni mvivu. Mkokoteni wake ungeweza kupinduka na magunia ya nazi, ukainuliwa, ukaendelea na safari bila msumari kulegea.

Zuena alikaa mbele na mumewe. Bi Mwanakombo alikaa nyuma, amejifunika kanga, na kapu la dawa na ndizi mapajani. Walipita Ilala vizuri, gari likinguruma kistaarabu. Kabla ya kufika Daraja la Selander ukatoka mlio kama wa bunduki, halafu kelele yote ya Temeke ikarudi kwa mara moja. Zuena aliziba masikio. Askari aliyekuwa darajani alikuwa amekwisha inua mkono kabla hawajamwona.

"Zima," alisema. Mwinjuma akazima. "Unakwenda wapi na baragumu hili?"

"Kunduchi, afande. Tuna mgonjwa."

"Na mimi huku mbele nina Wazungu. Saa hizi wamekula, wamelala." Askari aliinama, akachungulia chini ya gari, akaiona sailensa inaning'inia upande mmoja, imekatika. Alipoinuka hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Mzee, sikufungi. Rudi ukaifunge. Lakini ukipita hapa tena na kelele hizi, gari litalala kituoni, na mgonjwa wako mtamwendea kwa miguu."

Wakageuza. Njia nzima ya kurudi, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akitazama nyuma, sasa alikuwa akiitazama njia ya Kunduchi inavyokwenda mbali. Mwinjuma alitamani mama mkwe aseme hata tusi, lipitie kwa Zuena, limfikie, yaishe.

Kesho yake akaacha mikokoteni ya watu, akalala chali chini ya gari. Angekuwa amekata yeye mwenyewe angeelewa, lakini pale hapakukatwa na mtu. Bamba la chuma nene kama kidole, limekatika kama muwa. Akasema moyoni, basi halikutosha. Akaweka bamba nene zaidi, akaongeza na jingine ubavuni, akakaza nati mpaka spana ikamchubua kiganja. Akalipeleka gari mpaka Chang'ombe na kurudi. Sailensa ikaachia kabla hajafika nyumbani, na safari hii bamba lilikuwa zima kabisa. Iliyopasuka ni sailensa yenyewe, shingoni, pale inapoungana na bomba la injini.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Aliipeleka kwa mchomeleaji ikaungwa. Akaibana zaidi, ikakatika mbele. Akaimarisha mbele, ikakatika nyuma. Kila alipokaza, ndipo ilipovunjika upesi zaidi, kana kwamba chuma kilikuwa kinamfanyia ukaidi. Usiku wa deni halali mtu, na yeye hakuwa na deni la fedha, ila kila Kondo alipopita na baiskeli yake Mwinjuma alijificha nyuma ya mbao mpaka apite. Majirani walikuwa na majibu tele. Mmoja alisema gari limetengenezwa kwa vyuma vya waliokufa vitani. Mwingine alisema kiti kinachotazama nyuma kinarudisha safari nyuma. Mwinjuma alikuwa haamini mambo hayo, lakini usiku uleule alitoka akakitazama kile kiti, asijue amfikirie nani mbaya.

Siku moja mchana Zuena alimjia chini ya gari na kitu mkononi.

"Mama kasema nikupe hii."

Mwinjuma akatoka, akajifuta macho. Ilikuwa susu. Susu mpya, ya kamba za usumba wa nazi, iliyosukwa vizuri kwa mkono wa mama mwenyewe. Ile kamba ya kuning'iniza darini, unaweka ndani yake sufuria ya mchuzi au bakuli la maziwa, paka na panya wasilifikie.

"Ya nini?"

"Hakusema. Kasema nikupe."

"Hakusema ni ya nini?"

"Kasema utaona mwenyewe."

Mwinjuma akaigeuza huku na huku. Hakuona kitu. Aliona susu. Na mtu akikutumia susu, chombo cha kuwekea chakula, nayo tupu, anakuambia nini? Bi Mwanakombo anasema amelala na njaa katika nyumba hii. Tangu ahangaike na gari, kweli, kitoweo kilikuwa kimepungua; siku mbili mfululizo walikula ugali kwa kisamvu. Lakini hata hivyo.

Akamwendea mpangaji wake, Ansbert, karani wa bandarini aliyetoka Bukoba, mtu wa kuvaa soksi ndefu na kuzungumza taratibu. Akamwonyesha. Ansbert aliishika susu ile kwa ncha za vidole, akafikiri sana.

"Bwana Mwinjuma, kwetu chombo kitupu hakipelekwi kwa mtu hivihivi," alisema. "Kikipelekwa, mwenyewe anataka kirudi kimejaa."

Ansbert, ni vyema ijulikane, hakuwa na uhakika wowote na hilo. Alikuwa mtu ambaye akiulizwa huona haya kunyamaza. Lakini Mwinjuma aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akaenda sokoni, akanunua changu wawili wakubwa, mchele na samli, akavitia ndani ya susu, akamkabidhi mkewe. "Mpe mama. Mwambie nimeelewa."

Zuena alikwenda uani, akarudi. "Mama kasema ahsante."

"Na nini zaidi?"

"Kasema ahsante, lakini amekaa ameishika ile susu tupu, anatikisa kichwa."

Siku ya pili susu ikarudi, safi, imeoshwa harufu ya samaki. Mwinjuma aliiona juu ya boneti akakaribia kulia. Kama samaki hawakutosha, anataka nini, nyama? Akanunua nyama. Susu ikarudi tena. Akanunua kuku. Zuena sasa alikuwa amenuna. Alisema kama anataka kumlisha mama yake vyema, sawa, lakini asimfanye yeye tarishi wa susu kutwa nzima kama hana kazi.

"Si umuulize waziwazi anataka nini?" Mwinjuma alisema.

"Nimemuuliza. Kasema, mie nimfundishe mwanamume kazi yake, nimekuwa nani? Kasema mkwe wake ana macho."

"Kazi yangu? Kazi yangu na kamba ya mchuzi wapi na wapi?"

"Mie sijui, bwana. Mie nimekuja na susu, ninaondoka bila susu. Iweke unapotaka."

Aliining'iniza chumbani kwao, karibu na dirisha, ili asiione uani. Zuena akaweka bakuli la mtindi ndani yake, maana susu nzuri haiachwi ikae bure. Kwenye ukuta uleule palikuwa na rafu ya mbao ambayo Mwinjuma aliipigilia misumari mwenyewe alipooa, imara, haitikisiki, na juu yake vikombe vya harusi.

Wiki ile Kondo alikuja tena, na safari hii Mwinjuma hakuwahi kujificha. Kondo alisimama na baiskeli yake, jasho likimtiririka, akamwamkia, "Shikamoo, shemeji." Mwinjuma akaitika. Kondo alitazama gari, akatazama miguu yake. "Mama haoni vizuri tena," alisema. "Ameacha kula. Majirani wanakuja kumtania kidogo ale. Shemeji, hili gari litakwenda au halitakwenda? Niambie tu, nijue la kumwambia."

"Litakwenda," Mwinjuma alisema, na hakujua alikuwa anasema kweli au anasema uongo.

Kondo alipoondoka, Mwinjuma alipiga hendeli kwa hasira. Gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la chumba. Injini ikawaka, ukuta ukatetemeka, na mara Zuena akapiga ukelele ndani. Alizima akakimbilia. Kikombe cha harusi kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye rafu, vipande vipande sakafuni, na cha pili kilikuwa ukingoni.

"Rafu yako hiyo," Zuena alisema. "Uliyosema itatuzika sote."

Mwinjuma aliishika rafu. Haikucheza hata kidogo. Misumari ilikuwa imara kama siku ya kwanza. Basi kikombe kimeangukaje? Akageuka, na palepale karibu yake susu ilikuwa inabembea taratibu, huku na huku, na ndani yake bakuli la mtindi, umejaa mpaka ukingoni, na haujamwagika hata tone. Aliitazama mpaka ikatulia. Alijua ameona kitu. Hakujua ameona nini. Alikaa kitandani kwa muda mrefu, mkewe akifagia vigae, na akili yake ikawa inakwenda kama mtu anayetafuta mlango gizani kwa kupapasa.

Halafu akauliza, si kumuuliza Zuena hasa, "Injini inatikisika, si ndiyo?"

"Mtaa mzima unajua inatikisika."

"Na chesisi haitikisiki kama injini." Akasimama. "Kichwa cha sailensa kimeshikwa na injini. Mkia nimeubana kwenye chesisi. Huyu anavuta kucheza, huyu anamkatalia."

Zuena aliendelea kuzoa vigae, maana hakuwa ameambiwa kitu anachokijua. Lakini Mwinjuma alikuwa amekwisha shusha bakuli la mtindi na kuing'oa susu darini. Alilala chini ya gari akafungua vyuma vyake vyote, kimoja kimoja, na kila kilipotoka aliona kama anavuliwa nguo mbele ya watu. Kisha akaiingiza sailensa ndani ya susu, akaifunga juu kwenye chesisi, akaisukuma kwa kidole. Ikabembea. Ilimchukiza kuiona. Kitu kinachocheza, na kimetoka mikononi mwake. Akawasha, ikanguruma kistaarabu, akaenda mpaka Keko, na huko kamba ya usumba ikashika moto. Alirudi na moshi mweupe nyuma, anafukuzwa na watoto, na sailensa ameilaza kando yake ndani ya gunia lililoloweshwa maji.

Alijua sasa, au alidhani anajua, na yule aliyemfundisha amemfundisha kosa. Hilo ndilo lililomkanganya zaidi. Kama mama mkwe alikuwa anasema haya, mbona hakufikiria moto? Na kama hakuwa anasema haya, basi alikuwa anasema nini?

Jibu lilikuja asubuhi, mikononi mwa Zuena, na lilikuwa baya kuliko susu. Lilikuwa jozi ya makatambuga, zile ndara za mpira wa tairi, kuukuu, zenye vumbi la Kunduchi bado kwenye nyufa.

"Za marehemu baba," Zuena alisema, na sauti yake ililegea. "Mama hajampa mtu hizi. Hata kaka zake waliomba, akakataa."

"Amesema nini?"

"Kasema, hizi haziungui upesi."

Mwinjuma alizipokea kwa mikono miwili. Alifikiri kila alichoweza kufikiri. Je, anaambiwa atembee kwa miguu mpaka Kunduchi, gari limeshindikana? Au amepewa cheo, amekuwa mwana wa nyumba ile, avae viatu vya mzee? Hilo la pili lilimgusa moyo. Akazivaa. Akazunguka nazo uani kwa heshima, mguu mmoja baada ya mwingine, zikimzidi kisigino. Bi Mwanakombo, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo mlangoni pa jiko, alivuta kanga akajifunika mdomo, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini. Mwinjuma, ambaye hakutakiwa kumtazama, aliona ungo unatikisika na mchele unamwagika. Hakujua mama analia kwa kumkumbuka mumewe au anamcheka yeye.

Akazivua. Akazitazama vizuri kwa mara ya kwanza kama fundi, si kama mkwe. Mpira mzito, wenye nyuzi ndani, mgumu lakini unapinda na kurudi. Hauungui upesi. Ukanda mmoja wa huu kila upande, na kipete cha chuma kushika sailensa yenyewe, ili mpira usiguse moto.

Alishika kisu, lakini hakukata. Alimwita Zuena. "Muulize mama. Ndizo nizikate kweli? Viatu vya baba?"

Zuena akaenda, hatua chache tu, na Mwinjuma akasikia kila neno, akangojea kuletewa kama ilivyo desturi.

"Mama kasema," Zuena alisema, "akitaka akate, akitaka aendelee kuzivaa. Lakini dada yangu hangoji viatu."

Akakata.

Waliondoka Alhamisi asubuhi, Zuena mbele, mama nyuma, kama mwanzo. Sailensa ilikuwa imeshikwa kichwani na injini peke yake, na mkiani inaning'inia kwenye mikanda ya katambuga, inacheza. Mwinjuma alikuwa hana raha. Kila shimo alilopita alikaza meno na kungojea ule mlio wa bunduki. Ilala ikapita. Mji ukapita. Darajani askari yuleyule aliinua mkono, kisha akausahau hewani, akalitazama gari linapita kwa sauti ya mtu anayesafisha koo.

Oyster Bay ilikuwa kimya, ua wa maua baada ya ua wa maua, na katika ukimya ule Mwinjuma aligundua jambo ambalo hakulitegemea: kwa mara ya kwanza watu waliomo ndani ya gari lake wangeweza kuzungumza. Nyuma, Bi Mwanakombo akakohoa.

"Zuena, mwambie mumeo kwamba siku ile mie nilikuwa nimekaa juu yake, kile kidude. Nilikisikia miguuni kinavyohangaika kutaka kucheza, na kimebanwa. Nikajua hakifiki."

Zuena akamgeukia mumewe. "Mama kasema..."

"Nimesikia," Mwinjuma alisema, kisha akaona haya. "Mwambie mama, ahsante. Mwambie, samaki walikuwa wa nini basi, mbona hakuwarudisha?"

Hakungoja Zuena apeleke. Huko nyuma mama alikuwa amekwisha anza kucheka.

Walipita Kawe, wakaingia njia ya mchanga kati ya minazi, na Kunduchi ikawafungukia na harufu ya samaki waliokaangwa. Mwinjuma aliingiza gari mpaka mlangoni pa Bi Somoe, akazima, akashuka mbio kumshusha mama kwa kumwekea kigoda, akitazama pembeni. Hakuna mtu aliyetoka kuwapokea. Kondo alitokea nyuma ya nyumba na wavu begani, akasimama, akashangaa.

"Mmefika? Mmefika na nini? Hatukusikia kitu."

Bi Mwanakombo aliingia ndani akishikiliwa na binti yake. Mwinjuma alibaki nje, chini ya dirisha, kama inavyompasa. Alijilaza akachungulia chini ya gari. Ilikuwapo. Nzima. Inabembea kidogo bado, inapoa. Alitaka kufurahi, na furaha ilikuwa imeshaanza kuja, lakini dirishani sauti zilikuwa haziendi vizuri.

"Dada, ni mie. Mwanakombo." Sauti ya mama mkwe.

Sauti nyingine, nyembamba, kavu, ikajibu. "Nendeni zenu. Kila siku mnaniambia Mwanakombo huyu hapa, ili nile. Juzi mlimleta yule wa jirani."

"Ni mie, dada. Nishike mkono."

"Mikono ya watu wote ni mikono. Kondo aliniambia mdogo wangu atakuja kwa gari la mkwe wake, na gari hilo likija nitalisikia tangu Kawe. Nimelala hapa nasikiliza. Sijasikia gari. Hamna gari. Mnanidanganya na leo tena."

Kondo, aliyekuwa amesimama kando ya Mwinjuma, aliinamisha kichwa. "Nilimwambia hivyo mimi," alisema. "Nilitaka awe na kitu cha kungojea."

Ndani watu walisema, wakasihi, Zuena akalia, akajitaja jina, akamtaja marehemu baba yake. Sauti nyembamba haikujibu tena. Mwinjuma alisimama na mikono mitupu. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu aanze, na sasa hakuelewa kosa liko wapi.

Mlango ukafunguka. Bi Mwanakombo alitoka peke yake, anaburuta mguu, kanga imeanguka mabegani. Mwinjuma akainamisha macho haraka, akageuza uso pembeni. Lakini mama hakupita. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake, akasimama, na hapakuwa na Zuena wa kupeleka neno.

"Baba," alisema. "Nitazame."

Mwinjuma akamtazama. Ulikuwa uso wa Zuena, uliochoka, wenye machozi yaliyofika mpaka kidevuni.

"Kifungue," alisema.

"Kipi, mama?"

"Kile kidude. Kifungue, uliwashe. Anisikie."

Kichwa cha Mwinjuma kilikataa. Kisha akalala mchangani, akaitia kisu mikanda ya katambuga, mmoja, na wa pili. Akalegeza kipete cha mbele kwa spana, chuma kikimchoma vidole, na sailensa ikaanguka mchangani ikavingirika. Akatoka, akashika hendeli, akaizungusha kwa nguvu zake zote.

Gari likalia. Kuku wa Kunduchi wakapanda juu ya paa kama wale wa Temeke. Watoto wakatoka kila nyumba, wanawake wakaacha vikaango vyao, na mbwa mmoja akakimbilia baharini. Mwinjuma aliruka juu ya kiti, akakanyaga mafuta, akalifanya lilie zaidi, huku akiutazama mlango ambao mama mkwe alikuwa ameurudia. Sasa hakusikia kitu chochote kinachosemwa ndani. Angeweza kuwa analiliza gari hivi kwa ajili ya maiti, naye asijue. Moshi ulimwingia machoni. Hakujua aendelee au azime.

Zuena akatokea mlangoni. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, na Mwinjuma akashindwa kusoma uso ule. Akaja mpaka kwenye gari, akaweka mdomo sikioni mwa mumewe.

"Mama mkubwa kasema, mbona umechelewa, Mwanakombo."

"Nizime?"

"Mama kasema usizime kwanza."

Basi Mwinjuma akaendelea kukanyaga mafuta.